Fereti Aliyeachwa Shimoni

Anayetaka kufuga fereti hapa kijijini huja kwanza kuniuliza mimi, nami humpa habari za Nellie Tordoff, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Fereti ni binamu wa kicheche, mwembamba, mrefu, na ananuka. Aking'ata kidole haachii. Usipomsafishia kibanda kila siku, mtaa mzima utajua. Hayo yote yanavumilika. Swali langu mimi ni hili: ukimtuma shimoni kuwafukuza sungura naye asitoke, utamngoja?

Nellie alikuwa mtu wa kungoja. Mumewe Albert aliangukiwa na dari la mgodi wa makaa, na wanaume wa kijiji hawakuweka sepetu chini mpaka wakamtoa, maiti tayari. Sisi watu wa mgodi hatumwachi mtu chini, wala mnyama. Kwa hiyo Enoch Sugden wa nyumba ya nyuma alipomwomba fereti wake, Duchess, akawindie sungura, Nellie alimpa bila wasiwasi. Sugden alikuwa mmoja wa waliomchimbua Albert.

Duchess akaua sungura hukohuko chini, akala, akashiba, akalala. Hutokea. Unatandika koti lako mdomoni mwa shimo, ili akitoka akute harufu yako asiende mbali, unakaa kumngoja. Sugden baridi ikamshinda, akajiendea zake baa! Duchess alipoamka akatoka, asimwone mtu, akatangatanga hadi barabarani, lori likampitia.

Nellie akaenda kumgongea Sugden. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

"Aa, Nellie nawe!" alisema, mkate mdomoni. "Fereti ni fereti tu. Nunua mwingine."

Mimi damu ilinichemka. Nikamwambia Nellie, "Mtukane, shoga, nikusaidie!"

"Mwache," alisema. "Naye anafuga."

Kweli alikuwa anafuga, tena kwa mbwembwe. Fereti wake aliitwa Queenie. Alimbeba ndani ya shati mpaka baa, akimlisha kiini cha yai kwa kijiko. Mkewe mwenyewe alikuwa akilalamika kwamba yeye hajawahi kulishwa hivyo.

Majira ya baridi yaliyofuata, Jumapili moja, Sugden akaja mbio, matope mpaka magotini. "Bi Nellie, nakuomba! Queenie yuko chini tangu asubuhi, hatoki. Niazime Samson."

Samson alikuwa dume kubwa la Nellie, pekee kijijini aliyefundishwa kuingia shimoni na kamba shingoni, akamtafute mwenzake aliyelala. Ukiifuata kamba, unajua pa kuchimba.

"Umetandika koti?" Nellie akauliza.

"Nimelitandika."

"Ala! Kumbe unajua." Akavaa buti zake. Nikamfuata, ningekosaje?

Samson akaingia, kamba ikamfuata, kisha ikatulia. Nellie akapapasa ardhi, akamwonyesha Sugden mahali. "Chimba."

Watu waliotoka kanisani wakasimama kutazama. Mmoja akataka kushika sepetu. "Mwache achimbe," Nellie akasema. "Ana mikono." Sugden akachimba kwenye mizizi na mawe mpaka viganja vikachubuka. Nilifurahi, nikudanganye ya nini?

Shimo lilipofunguka, Nellie akalala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani. Akamtoa Samson, kisha Queenie, mzima, damu ya sungura kwenye masharubu, anapiga miayo. Sugden akalia, jitu zima lile. "Mama yangu! Njoo kwa baba!"

Nellie akamtia Queenie ndani ya koti lake, akafunga vifungo.

"Nellie, nipe."

"Nikupe nini?"

"Fereti wangu!"

"Fereti ni fereti tu, Enoch. Nunua mwingine."

Sugden akawageukia wanaume wenzake. Yule aliyetaka kumsaidia kuchimba ndiye aliyejibu. "Duchess nilimwokota mimi pale barabarani," akasema, "nikampelekea Nellie kwenye gunia." Akavaa kofia yake, akaenda kula.

Queenie aliishi kwa Nellie mpaka uzee wake, na hakukosa kitu. Kila asubuhi Nellie alikuwa akitoka na kijiko cha kiini cha yai, akimlisha taratibu pale kibandani. Kibanda kile zamani kilitazama bustani. Alikigeuza kikatazama dirisha la jikoni la Sugden, na kwa kuwa kilikuwa kizito, mimi ndiye niliyeshika upande wa pili.