Siku Niliyousifu Mlima Wetu

Mwanangu, siku hii ninayokusimulia naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na harusini kwangu walichinjwa ng'ombe mpaka mbwa wa kata nzima wakakataa mifupa. Ilikuwa Ijumaa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, huko Dubai, mtaa wa Al Twar, nyumbani kwa tajiri wangu ambaye sote tulimwita sir. Nilikuwa dereva wake. Umri wangu ulikuwa miaka thelathini na minne, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni ya Kiingereza kule Bur Dubai. Cheti nilitembea nacho mfukoni. Niliona kwamba hata malkia wa Uingereza angepiga simu, angenikuta tayari.

Sir alikuwa sebuleni na kaka yake, wanakunywa kahawa na kutazama tangazo kwenye simu. Akaniita nami nione. Ranchi kubwa inauzwa, iko milimani, ina malisho na ardhi ya kuwinda. Nilipotazama picha, niliutambua mara moja. Ulikuwa mlima wetu.

Ngoja nikueleze habari zake. Hati ilikuwa ya bwana mmoja mzee aliyeishi kule tangu ujana wake. Kila kiangazi aliwaruhusu wafugaji kupandisha ng'ombe, bila karatasi, kwa kupeana mkono tu na baba yangu na wazee wenzake. Uzee ulipombana akaitangaza ranchi, ila aliwaahidi wazee kwamba miaka mitatu ikiisha bila mnunuzi, atakiachia kijiji na kwenda kumalizia siku zake kwa binti yake. Ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Wanunuzi walikuwa wamekuja na kuondoka. Kwetu, mwanangu, mfugaji hasifu malisho mbele ya mgeni. Ukimuuliza baba habari za nyasi, hata ziwe zimemfika kifuani, atakwambia, "Tunasogeza siku." Idadi ya ng'ombe haitajwi, na mahali pa maji hapaonyeshwi kwa kidole. Basi kila mnunuzi aliambiwa kuwa kuna baridi, kuna mawe, barabara ni mbovu. Hakuna aliyedanganya, maana mawe yapo. Wanunuzi waligeuza magari wenyewe. Nami niliyajua yote hayo, kwa kuwa mama alikuwa akinihesabia miezi kila tunapoongea kwenye simu.

Sir akaniuliza kama huko si kwetu. Nikasema ndiko hasa. Kaka yake akapunga mkono, akasema amesikia hakuna maji, na pasipo maji hakuna ng'ombe wala wanyama wa kuwinda. Khalas, yaani basi imekwisha, watafute kwingine. Alikuwa ameshaigeuza simu kifudifudi mezani.

Hapo nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, kazi ambayo hata jiwe linaiweza. Lakini kwa miaka minne watu wale walikuwa wamezoea kutazama kisogo changu garini, na leo walikuwa wananitazama usoni kama mtu anayejua jambo. Nikaanza. Nikasema nyasi za kule ni ndefu hata ng'ombe akiingia unaona ncha za pembe tu. Nikasema swala wamejaa mpaka wanapishana kwa zamu. Wakacheka. Chumvi ile ingeishia hapo, maana kicheko hakinunui ranchi. Ila yule kaka mtu akauliza tena, taratibu, "Na maji?"

Hapo ndipo nilipoacha mzaha. Nikawaambia kuna chemchemi nyuma ya jabali jeusi, haionekani kutoka barabarani, na haijakauka tangu babu yangu azaliwe. Nikawachorea njia kwenye karatasi ya tishu.

Sir akanishika bega. "Lazaro," akasema, "wewe ni mtu mwaminifu."

Mpishi wa nyumba ile alikuwa Bi Salama, Mzanzibari mtu mzima, na alikuwa ameyasikia yote alipoleta tende. Aliningojea jikoni. Akataka kujua kama mlima ule ni wetu, na kama wazee wangu ndio walionituma niuseme. Nikamjibu kwa kiburi kwamba sikusema uongo hata kidogo kuhusu maji.

"Sikukwambia umesema uongo," akanijibu. "Kweli ile ilikuwa ya watu wengi, mwanangu, nawe umeitoa peke yako. Hebu wapigie simu leo, kabla hawajasikia kwa mwengine."

Sikupiga. Aibu ilinishika ulimi, ulimi uleule ambao saa moja kabla haukushikika. Nikajipa moyo kwamba matajiri hutamani mengi na kusahau mengi. Inshallah watasahau.

Hawakusahau. Miezi miwili baadaye kaka yake sir alisafiri, na ile tishu akaenda nayo. Akaiona chemchemi kwa macho yake, akanunua. Simsemi vibaya, alinunua kilichokuwa kinauzwa. Uzio ulianzia pale kwenye jabali.

Kiangazi kilichofuata sitakitia chumvi. Baba aliwashusha ng'ombe bondeni kutafuta maji, na waliofika hai walikuwa wachache, angeweza kuwaongoza wote kwa kamba ya mkono mmoja. Siku alipopiga simu sauti yake ilikuwa kavu. Alisema wapimaji walikuja na mchoro wa njia ya chemchemi, na mwenye mchoro alisema aliupata kwa dereva wa ndugu yake.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

Kisha akasema, "Basi mama yako asijue. Kila jioni anamwombea mabaya aliyeyaonyesha maji yale. Sitaki aje ajue kuwa alikuwa anakuombea wewe."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya maana tuliyoongea. Alifariki kabla sijapata ruhusa ya kurudi. Niliporudi nilikaa na mama miaka mingi, na kila jioni alipomtaja mbele ya Mungu mtu yule asiyemjua, nilikuwa nimepiga magoti kando yake nikiitikia amina. Mama naye tumemzika mwaka jana. Ndiyo maana leo naweza kuandika.

Mwanangu, unaposafiri kutafuta riziki, jasho ni lako, liuze. Hadithi zako ni zako, zitie chumvi upendavyo. Ila kile ambacho watu wako wanakitegemea pamoja, usikifungulie mdomo peke yako, hata ukiulizwa na anayekulipa mshahara. Mwambie, "Ngoja niwaulize wa nyumbani." Hakuna aliyefukuzwa kazi kwa maneno hayo. Na ukishakosea, piga simu siku hiyohiyo. Mimi nilipewa miezi miwili mizima, na wazee wangeweza kwenda kwa yule bwana mzee wakamsihi wangali na nafasi. Kusema kwangu kulikuwa kosa la saa moja; kunyamaza kwangu ndiko kulikowaua ng'ombe wa baba.

Mungu akupe kinywa kinachojua kila neno ni la nani. Akupe na ujasiri wa kukiri mapema, wangali hai wa kukusamehe. Nenda salama, urudi uwakute.