Dakika Nane za Seva ya Zamani

Hikma Abdurahim alizaliwa Ziwani, katika nyumba ya kanjo, baraza la jiji, yenye chumba kimoja. Babake alikuwa karani wa reli, mtu aliyerekebisha saa yake ya mkononi kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Leo Hikma ana miaka arobaini na minne. Ni fundi wa kompyuta katika hospitali moja ya jamii kwenye mtaa wa Lucky Summer, Nairobi: fundi mmoja, kompyuta sitini na moja, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Tunajua kuwapigia madaktari makofi, na wanastahili. Mtu kama Hikma haulizwi hata kama amekula.

Mwaka huu aliagizwa kuistaafisha seva ya zamani. Seva hiyo ilikuwa imefanya kazi miaka kumi na mitatu ndani ya stoo ya shuka, na kazi yake ilikuwa kumjua kila mtu. Daktari akiandika jina na nywila, kompyuta yake ilikwenda kwanza kuiuliza: huyu ni wetu? Ikijibu ndiyo, anafunguliwa. Ikikataa, hakuna faili la mgonjwa wala majibu ya maabara. Seva mpya ilikuwa imeshawekwa kando yake na kujifunza majina yote. Kilichobaki ni kumwondoa mkongwe bila mtu kuumia.

Wengine huchomoa tu wakaenda zao. Hikma alizunguka kila chumba na daftari, akiuliza nani anaitegemea na kwa lipi. Kisha akachomoa waya wa mtandao peke yake, akaiacha seva ikiwaka pale pale, na akangoja siku saba asikie nani atalia. Mtu akilia, waya unarudi.

Hakuna aliyelia.

"Nipe siku saba nyingine, bosi," alimwomba mkurugenzi, Bwana Gordon.

"Hikma, si nyinyi Waislamu huzika siku hiyo hiyo? Mbona maiti yako inalala wiki mbili? Wafadhili wanakuja Jumatatu. Toa hiyo kitu."

Ofisi nzima ikacheka. Alhamisi, saa tatu asubuhi, akaitoa. Alifuata hatua zote: akaifanya ikabidhi madaraka yake, akaifuta kwenye orodha, akasafisha diski zake, maana zilibeba siri za wagonjwa. Mwisho akaiagiza seva mpya ichukue saa sahihi kutoka nje ya hospitali, isimtegemee marehemu kwa lolote. Wodi zikafungua kama kawaida. Akanywa chai.

Saa nne unusu simu ililia. Ilikuwa Farid wa maabara.

"Hikma, hii kitu imenikataa."

"Nywila umeandika sawa?"

"Miaka sita naandika hiyo nywila, dadangu! Nimetoka chai tu, nimerudi, inaniangalia ni kama haijawahi niona."

Alipofika maabara alimkuta Sista Adhiambo wa wodi ya wazazi ameshika meza kwa mikono miwili, anahema. Kulikuwa na mama aitwaye Clare, fundi cherehani wa mtaa huo huo, aliyetoka kupasuliwa. Mtoto alikuwa mzima. Mama alikuwa anavuja damu.

"Farid, nipe mifuko yake ya damu. Mlipima jana."

"Tulipima. Iko kwa friji. Lakini mifuko ina namba tu, Sista. Namba gani ni ya Clare, hiyo iko ndani ya hii kompyuta."

"Basi pima tena kwa mkono!"

"Naanza sasa hivi. Dakika arobaini na tano."

"Yawa! Daktari amesema hana hizo."

Hikma aliketi mbele ya kompyuta. Waya ulikuwa mzima. Seva mpya ilionekana na kujibu ilipoitwa. Jina la Farid lilikuwepo. Akajaribu jina lake mwenyewe, likakataliwa. Akajaribu kompyuta ya pili, ya tatu, zikamkataa. Wodi zilikuwa wazi, maabara imefungwa, na kwenye daftari lake kila mstari ulikuwa na alama ya sawa. Akafikiria kuirudisha seva ya zamani, akakumbuka kwamba hakuna cha kurudisha. Aliisafisha kwa mkono wake.

Bwana Gordon alisimama mlangoni. "Uliniambia ni salama."

Midomo ya Hikma ilikuwa ikisoma dua na vidole vikiandika amri ileile mara ya nne.

Nyuma yake Farid alikuwa akiandika kwenye chupa ya damu mpya aliyoletewa. "Imepokelewa saa tano kasoro dakika kumi," alijisemea, jicho kwenye kona ya kioo cha kompyuta.

Hikma akatazama simu yake. Saa nne na dakika arobaini na mbili.

"Farid, hiyo saa iko mbele."

"Si ni saa ya hospitali? Mkurugenzi wa kwanza aliisukuma dakika kumi ndio tusichelewe kazini. Kila mtu anajua."

Kila mtu alijua. Hata Hikma alijua, ila siku zote alidhani ni saa za ukutani tu. Kumbe uongo ule uliwekwa ndani ya seva yenyewe, na miaka ikala dakika mbili, zikabaki nane. Zile siku saba za kungoja, seva mpya ilikuwa imenakili saa ileile ya uongo, ndiyo maana hakuna aliyelia. Asubuhi hii ilipopewa ukweli, wodi ziliifuata. Kompyuta za maabara hazikuifuata: fundi fulani wa zamani alizipanga kwa mkono zimwulize saa mkongwe peke yake. Na seva za aina hii zina sheria. Kompyuta ikipishana nayo zaidi ya dakika tano, seva haiiamini. Huenda ni mwizi aliyebeba ruhusa iliyokwisha muda. Hikma akawaeleza kwa pumzi moja.

"Rudisha hizo nane!" Adhiambo alipiga kelele.

"Nikirudisha, nyinyi wodini mnafungiwa. Maagizo ya daktari yako huko."

Hikma akaandika: mbele, dakika nne. Nne kutoka kwa ukweli, nne kutoka kwa uongo, zote ndani ya zile tano.

"Jaribu."

"Imekataa."

"Jaribu tena, Farid. Wallahi, jaribu tena."

Kioo kikafunguka. Farid akasoma namba mbili kwa sauti, akazisoma tena mbele ya friji, na Adhiambo akatoka mbio amekumbatia mifuko kifuani kama mtoto.

Clare aliishi. Jumatatu wafadhili walikuja wakapigwa picha kando ya seva mpya. Jumanne Hikma alipewa barua ya onyo: uzembe. Aliyedanganya saa ya hospitali nzima, yule mkurugenzi wa kwanza, picha yake inaning'inia pale mapokezi, kwenye fremu.

Siku hizo zote Hikma alipita kompyuta moja moja akizirekebisha, kisha akairudisha seva kwenye ukweli. Alipomaliza alipanda wodi ya wazazi na kumwomba Clare karatasi ya kuzaliwa kwa mtoto. Iliandikwa saa nne kamili, kwa saa ya ukutani ya chumba cha upasuaji, nayo ilikuwa mbele dakika nane zilezile. Akaikata kwa kalamu, akaandika: saa nne kasoro dakika nane.

Clare alimtazama kutoka kwenye mto, midomo bado mikavu.

"Ni dakika nane tu, dada. Zina nini?"

Hikma akakaa ukingoni mwa kitanda, karatasi mkononi, akilia.