Kifuniko cha Tangi la Baba

Pikipiki ya Baba ilinifikia bila ufunguo wa tangi. Ule wa kuwashia ulikuwako, umefungwa uzi mwekundu na kutundikwa msumarini nyuma ya mlango, lakini ule mdogo wa kifuniko cha petroli hatukuuona. Tuliutafuta kwenye mifuko ya kanzu zake, chini ya godoro, hata ndani ya mtungi. Mama, ambaye angejua Baba alikuwa akiweka wapi vitu vyake, alikuwa ametangulia kufa. Mwishowe fundi wa pikipiki aliking'oa kile kifuniko kwa bisibisi na kunitafutia kingine, kilichotoka kwenye pikipiki iliyokwisha kufa. Hicho hakikuwa na tundu la ufunguo. Ukikikandamiza kwa kiganja na kukizungusha kidogo, kinafunguka.

"Hata mwizi atakushukuru," fundi aliniambia.

Ilikuwa miaka ya themanini, tukikaa Utange: mimi, mdogo wangu wa kiume, dada yetu kitindamimba, na Bibi aliyemzaa Baba. Mimi ndiye mkubwa, na skuli nilikuwa nimeshaiacha tangu Mama alipougua. Baada ya arubaini ya Baba, ami na mjomba walikaa barazani kutupangia maisha. Ami angemchukua mvulana akakae naye Changamwe, mjomba angemchukua msichana Likoni, nami ningebaki na Bibi. Hawakuwa na nia mbaya. Kila mmoja alikuwa na watoto wake na bado alikuwa tayari kuongeza sahani moja. Lakini dada yangu aliposikia alijifungia chooni akakataa kutoka, na mdogo wangu akaacha kusema na mtu.

Nikawaambia wazee wangu wanipe nafasi nijaribu kuwalea mwenyewe.

"Utawalisha nini?" ami aliuliza. "Pikipiki?"

Alikuwa akinikejeli, ila jibu lilikuwa ndilo hilo. Jirani na kwetu palikuwa na shamba la bwana mmoja wa ukoo wa wafanyabiashara wa siku nyingi, na ndani yake alikuwa na ng'ombe wa maziwa. Maziwa yake yalikwenda kwa hoteli za chai za Kisauni na Frere Town, na mpelekaji wake wa baskeli alikuwa ameumia mguu. Nilikwenda nikamwamkia, nikamwonyesha pikipiki. Akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Hoteli ya mwisho yataka maziwa kabla jua halijapanda," alisema. "Maziwa hayamngoji mtu." Tukakubaliana. Ami alipopata habari alisema basi, watoto wakae, tutaona.

Kwa hivyo mambo yalikuwa wazi kwangu. Maziwa yakifika, tunabaki nyumba moja. Yasipofika, dada yangu anakwenda Likoni.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kila alfajiri nilifungua kifuniko cha tangi na kuchovya kijiti, kwa kuwa pikipiki haikuwa na mshale wa kuonyesha petroli. Nikishaona inatosha, nafunga, napakia madebe mawili, moja kila upande, na kuondoka. Taabu ilikuwa kile kifuniko cha kuazima. Hakikukaa sawasawa. Barabara ya shamba ilikuwa mashimo matupu, na kwenye kila shimo petroli iliruka na kunilowesha mapaja, na nyingine ikachirizika hadi kwenye madebe. Wiki ya kwanza tu, mwenye hoteli mmoja wa Frere Town alinirudishia kikombe.

"Haya ni maziwa au ni taa ya chemni?"

Nikarudi kwa fundi. Akanipa dawa ambayo kila fundi wa pwani anayo: sabuni ya mche. Unaikwaruza, unaifinyanga kwa maji kidogo, unaipaka penye uvujaji. Petroli haiyeyushi sabuni. Nikaipaka kuzunguka mpira wa kifuniko, na uvujaji ukakoma siku hiyo hiyo. Nilifurahi sana, hata nikamnunulia fundi chai.

Baada ya muda kifuniko kikaanza kukwama. Nilisema ni chumvi ya pwani, maana kwetu chuma hakina maisha. Na kwa kuwa sabuni hulainisha, kila kilipokuwa kigumu nilikiongezea sabuni.

Hapo ndipo pikipiki ilipoanza kusimama makaburini.

Makaburi hayo yako kando ya barabara ya kwenda Magogoni, na Baba na Mama wamezikwa humo, ubavu kwa ubavu, upande wa barabara. Siku ya kwanza mashine ilikohoa, ikapoteza nguvu, ikazimika mkabala nao kabisa. Nikapiga kiki mpaka kifundo cha mguu kikavimba. Petroli ilikuwamo, nilikuwa nimeipima asubuhi hiyo. Nikakaa chini, nikapumzika, nikajaribu tena, ikawaka kama haikuwa na lolote. Siku ya pili, pale pale. Siku ya tatu, hatua chache mbele ya pale.

Nilipomsimulia Bibi, aliweka chini kofia aliyokuwa akiitoboa viua, yale matundu ya nakshi. Kofia ndiyo iliyokuwa kazi yake, na sindano haikumtoka mkononi ila kwa jambo zito.

"Tangu umzike babayo, umekwenda mara ngapi kumsomea?"

Sikuwa nimekwenda hata mara moja.

"Basi. Yeye kakuachia pikipiki, wewe wampita mbio kila asubuhi kama wampita mtu usiyemjua. Kesho ikisimama, shuka umsomee Yasini."

Yasini niliijua kwa moyo tangu chuo cha Kurani. Kesho yake ilisimama, nikashuka, nikavua viatu, nikaisoma yote kwa utulivu. Nikarudi, kiki moja, ikawaka. Nisiseme uongo, nywele zilinisimama. Siku moja nilikuwa na haraka nikasoma Fatiha tu. Ikakataa. Nikarudi nikasoma Yasini, ikakubali. Baada ya hapo ungeniambia nini? Kila asubuhi nilisoma, kila asubuhi iliwaka. Watu waliopita njia ile kwenda kibaruani wakanizoea, wakaanza kuniita Yasini.

Jambo moja tu halikuwa sawa. Yasini ina urefu wake, na jua halikunisubiri. Maziwa ya hoteli ya mwisho yakaanza kukatika jikoni. Mara ya kwanza mwenye ng'ombe alinisamehe. Mara ya pili aliniita uani.

"Nasikia unasimama njiani kusoma."

"Naam. Pikipiki husimama makaburini."

"Mimi pia ni mwislamu," alisema, "na babako nilimjua, Mungu amrehemu. Lakini maziwa yangu hayakufiwa. Wiki hii nina harusi ya mpwa wangu, Frere Town, na chai ya wageni ya asubuhi itapikwa kwa maziwa haya. Yakikatika siku hiyo, nitatafuta mtu wa baskeli."

Nikaipeleka pikipiki kwa fundi. Akafanya kama afanyavyo kila fundi: kwanza akafungua tangi achungulie petroli. Alihangaika na kifuniko mpaka akakishinda. Kisha akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akawasha. Ikanguruma vizuri. Akaipanda, akazunguka nayo mtaa mzima, akarudi. "Haina kitu, bwana mdogo. Shida yako si ya fundi." Asubuhi iliyofuata ikasimama makaburini.

Siku ya harusi mwenye ng'ombe alinijazia tangi kwa mkono wake mpaka petroli ikafika shingoni. "Leo sitaki kusikia habari ya petroli," alisema. Akakifunga kifuniko yeye mwenyewe, akakipiga kofi. Madebe yalijaa hadi juu. Nyumbani dada yangu alikuwa ameshavaa sare ya skuli, na aliposikia mlio wangu nikipita alitoka mlangoni kunitazama, jambo ambalo hakulizoea.

Nilikuwa nimepanga nikifika makaburini nisome kwa haraka niwezavyo. Sikufika. Mashine ilikohoa na kuzimika mapema zaidi, mbele ya mangwe, pale pauzwapo tembo la mnazi. Mgema mmoja alikuwa akiteremka mnazini na kibuyu chake. Alinitambua.

"Ehe! Yasini! Leo marehemu kahamia kwetu?"

Nilikuwa nikipiga kiki.

"Mwambie karibu, lakini avumilie. La asubuhi bado tamu, halijachacha."

Kwa hasira nilisimama nikafikiri. Baba hakuwahi kuionja pombe. Zaidi ya hapo, alipokuwa hai akifika pale alihamia upande wa pili wa barabara ili harufu isiifikie kanzu yake. Mtu huyo asingechagua mangwe kuwa mahali pa kuniita. Kwa mara ya kwanza nikasema moyoni: huyu si Baba. Hii ni pikipiki.

Na kama ni pikipiki, leo kuna nini ambacho jana hakikuwako? Maziwa zaidi. Lakini uzito hauzimi mashine ghafla kwenye tambarare. Kilichobaki ni tangi kujaa. Nikataka kuchungulia ndani. Kifuniko hakikusogea. Nilikikandamiza kwa kiganja, kikawa kama kimeota pale, kama mtu ndani anakivuta.

Mgema akaja na kisu chake cha kugemea. "Nikitie ncha?"

"La, utatoa cheche."

"Basi nikushikie pikipiki."

Alishika usukani, akaubana mwili wa pikipiki kwa magoti. Nikavua kikoi nilichojifunga juu ya suruali, nikakizungushia kifuniko, nikabana kwa mikono miwili, nikajipinda nacho kwa kifua na tumbo. Kikatoka ghafla, na tangi likavuta pumzi. Sote wawili tuliisikia, fyuuu, kama mtu aliyezibwa mdomo akaachiwa.

"Inapumua!" mgema alisema, akaruka nyuma.

Nikakirudisha bila kukikaza, nikapiga kiki. Ikawaka hapo hapo, bila Yasini, bila Fatiha, mbele ya mangwe.

Nikaenda nikiwa nimekishika kifuniko kwa mkono mmoja kila nilipopata nafasi, na petroli ikanimwagikia suruali nisijali. Makaburini nilipita bila kusimama. Moyo uliniuma kidogo, nikasema kwa sauti, "Nisamehe, Baba, kuna harusi." Frere Town walikuwa ndiyo kwanza wanawasha meko. Mpishi aliyachemsha maziwa mbele yangu, nami nilisimama nikayatazama mpaka yakafura na kupanda bila kukatika.

Adhuhuri hiyo nilikaa ukumbini na kifuniko mapajani. Upande wa ndani sabuni ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama chokaa, tabaka juu ya tabaka. Niliikwangua, na chini yake nikaona kitundu kidogo sana ambacho sikuwahi kukijua. Nikakipuliza. Hakikupita kitu.

Bibi alikuwa akinitazama. "Una nini na hicho kidude?"

Ikabidi nimweleze, na sikujua nianzie wapi, mpaka nikakumbuka kopo la maziwa mazito tulilokuwa tukilitoboa kwa chai. Ukilitoboa tundu moja, hutoka tone kisha yakakwama. Lazima utoboe la pili, hewa iingie, ndipo yamiminike. Tangi ni kopo lile. Petroli inatoka chini, na kitundu hiki ndicho cha hewa. Mimi nilikuwa nimekiziba. Kwa kiasi cha petroli nilichotia kila siku, hewa ya ndani ilikuwa ikichoka kiasi cha kufika makaburini. Leo tangi lilijaa, hewa ilikuwa haba, ikachoka kwenye mangwe. Na nikikaa kitambo cha Yasini moja, hewa kidogo hujipenyeza, mashine ikawaka. Fatiha ni fupi, haikuipa muda. Ile hewa iliyochoka ndiyo iliyokuwa ikikivuta kifuniko, nami nikidhani ni kutu nikiongeza sabuni. Fundi naye alipokifungua kwanza aliingiza hewa mpya, ndiyo maana hakuona kitu.

Dada yangu, aliyekuwa amerudi kutoka skuli na kusimama mlangoni, alinikonyeza ninyamaze. Aliona nilichokuwa nikimwondolea Bibi. Lakini nilikuwa nimeshasema.

Bibi alikichukua kifuniko, akakinusa, akakigeuza kwenye mwanga.

"Kwa hivyo," alisema polepole, "sabuni ya mche imekusomesha Yasini siku zote hizi, na mimi nilikuwa nimeshindwa."

Dada yangu alicheka mpaka akaketi chini. Bibi hakucheka. Alichomoa sindano kwenye kofia, akakitoboa kile kitundu kwa mkono uliotoboa viua maisha yake yote, akapuliza, na hewa ikapita. Kisha akanirudishia kifuniko na sindano.

"Kaa nayo. Ila kesho nitakuuliza kama umemsomea, na safari hii pikipiki haitakuwa na neno la kukutetea."

Aliniuliza kesho yake, na kesho kutwa, na kila siku mpaka alipozikwa yeye naye ubavuni mwao. Sikutaka kumdanganya, na maziwa nayo sikuweza kuyachelewesha, kwa hivyo nilihamishia kisomo wakati wa kurudi, madebe yakiwa matupu. Nilikuwa nikizima mashine, nikaingia, nikasoma yote, kisha kabla ya kuiwasha nikachomoa sindano kwenye ukosi wa shati na kupitisha kwenye kitundu. Mpira mpya wa kifuniko niliupata mwezi ule ule, na sabuni tukairudishia nguo.

Mdogo wangu na dada yangu walimaliza skuli wakitokea nyumba ile ile. Ami alikuwa akija Idi, akala, akaangalia pikipiki uani, na hakuniuliza tena ninawalisha nini.