Mlinzi Aliyeumwa na Zimwi

Walimwita Jaji, ingawa kazi yake ilikuwa ushonaji. Kila Jumamosi mchana aliondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, akaweka dadu na kitabu cha kanuni, na watu wazima na akili zao timamu wakaketi kuwinda mazimwi ya kusimuliwa tu, yeye akiwa mwamuzi wa mchezo. Cheka utakavyo, lakini ubishi wa pale ungekutoa jasho.

Shemeji yake, mjane wa kaka yake, alicheza kama Mlinzi, shujaa aliyebuniwa na marehemu mwenyewe. Kila aliposema maneno ya Mlinzi aliishusha sauti kama alivyokuwa akisema mumewe, na Jaji alikuwa akiisubiri sauti hiyo wiki nzima.

Jumamosi moja Mlinzi akaumwa na zimwi. Mengine yakajaa mlangoni, naye katikati yao. Dereva wa lori, mchezaji wa tatu, alikuwa na mshale wa nuru, unaoua kila zimwi na kumwacha salama kila mtu. Sasa Mlinzi ni mtu au zimwi? Kitabu kilisema: "Aliyeumwa huwa zimwi anapopoteza nia yake." Inapotea lini? Hapo kitabu kimya. Na mazimwi yote huchezwa na Jaji, kwa hiyo Mlinzi akihesabiwa zimwi, shemeji angenyang'anywa ile sauti, moja kwa moja.

"Kaumwa, kaisha!" dereva akafoka. "Kanuni ni kanuni."

"Kaisha nani? Umempima wewe?" Jaji akamjia juu. Alitamani aseme ni mtu, yaishe. Lakini huo ungekuwa upendeleo mtupu, na wote wangejua.

"Usiachie mshale," akasema mwishowe. "Kimbieni tu."

"Tukikimbia tunaliwa wote, ndugu yangu," dereva akasema, safari hii kwa upole.

Shemeji hakungoja uamuzi. Aliinua kichwa, akasema kwa ile sauti nzito:

"Dogo." Hivyo ndivyo kaka alivyomwita Jaji, na hakuna mwingine aliyethubutu. "Mwambie apige. Mimi niacheni."

Jamani, vinyweleo vilimsimama Jaji! Miaka yote amekisoma kitabu kile, na hakuwahi kuona kanuni ikijibiwa namna hii.

"Anayekubali kufa ili wenzake wapone," akasema, "nia anayo. Ni mtu huyo. Piga."

Dereva akarusha dadu. Mazimwi yote yakaanguka, na mlangoni akabaki mmoja tu, amesimama.