Maji ya Mlango wa Peponi

Kabla ya kiangazi kile, nyumba yetu ya Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, ilikuwa na harufu mbili: ya bustani ya mchicha iliyomwagiliwa alfajiri, na ya maziwa ya mama yaliyokauka kwenye khanga. Nilikuwa na miaka saba. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji mtoni kwa ndoo ndogo, na kuitika "abee" kila nilipoitwa, kama msichana aliyefunzwa adabu. Mdogo wangu Shabani hakuwa ametimiza mwaka. Kazi yake ilikuwa kunyonya na kucheka.

Kiangazi kile homa ilimchukua kwa siku tatu. Baada ya maziko, mwalimu wetu wa madrasa alikuja kumfariji mama, nami nikamsikia nikiwa nyuma ya pazia. "Mama Zena, mtoto mchanga hapotei. Atakusubiri kwenye mlango wa peponi na kikombe cha maji, siku ambayo kila mtu atakuwa na kiu." Mama, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu juzi, aliomba uji.

Tangu hapo pepo ikawa jambo la nyumbani kwetu. Mama akirudi kutoka shambani na jua la mchana, alisema, "Mwenzako ananiwekea maji." Siku moja nilipanda kutoka mtoni, bega limelowa, nikampelekea kikombe. Hakukipokea, alikuwa akiutazama ukungu uliokaa milimani.

"Mama, na haya yangu?"

"Mimina mtungini."

"Na mimi nikifa, utayanywa?"

Alinizaba kofi, la kwanza na la mwisho maishani mwangu, kisha akanikumbatia akalia. Maji yalimwagika.

Nimesoma mengi baadaye kuhusu pepo, mito yake na milango yake, wala sipingi hata neno moja. Ilimrudisha mama kwenye uji na kwenye jembe. Lakini mimi niliyekuwa hai nilibaki miaka mingi upande wa mlango ambao mama hakuutazama.

Mwaka jana aliugulia kwangu, Kihonda, ambako maji hutoka bombani hadi jikoni. Siku ya mwisho, adhuhuri, nilimnywesha maji kwa kijiko. Alimeza, akatabasamu, akaita, "Shabani?"

Niliitika, "Naam, mama," kama wanavyoitika wavulana. Akayanywa yote, akafariki kabla ya alasiri.