Mtoto wa Severa Si Msukule

"Yule Mchaga wa nguo za watoto, umemwona mwanawe?" Mama Awadhi aliniuliza huku anapanga mashuka yake mlangoni. "Kamrudisha kutoka China, lakini kilichorudi si mtoto, shoga yangu. Msukule ule! Mwite uone kama atageuka. Kamtoa kafara apate mali. Kwani huoni mzigo wa safari hii umejaa mpaka kwenye ngazi?"

Nilimtazama Lucky. Alikuwa amekaa juu ya robota nje ya duka la mama yake, soksi mguu mmoja, anazungusha kifuniko cha chupa. Hata miaka miwili hajafikisha. Mtoto wa mteja mmoja akamsogelea, akanyoosha mkono achukue kifuniko wacheze. Mama Awadhi akamnyakua yule mtoto kama anamtoa kwenye moto. Lucky akabaki anawatazama, kifuniko bado amekishika, anakitoa.

Mimi nasuka nywele chini ya ngazi za ghorofa letu la maduka, upande wa kuelekea Mtaa wa Msimbazi. Mikono ikiwa kazini, macho hayana kazi, basi naona. Wiki ile nzima niliona akina mama wakivuta watoto wao kila Lucky anapokaribia.

"Nani kakwambia hayo?" nikamuuliza Mama Awadhi.

"Isidori. Si alikuwa naye huko huko? Walimtafuta hospitali nzima, hayupo."

Isidori ndiye anayewaongoza wenye maduka wetu wakienda China kufuata mzigo. Viwanda anavijua yeye, mkalimani ni wake. Severa, mama yake Lucky, alisafiri nao na mtoto mgongoni kwa sababu alikuwa hajamwachisha ziwa. Yaliyompata huko alinisimulia mwenyewe siku niliyokuwa namfumua nywele.

Asubuhi moja hotelini Lucky aliamka anaungua, shingo imekakamaa, anatapika. Wenzake walikuwa wanatoka kwenda viwandani. Isidori akamwambia atangulie hospitali, mkalimani atamfuata. Severa akakimbilia teksi na mtoto, simu akaisahau kwenye chaja. Namba zote zimo humo.

Mkalimani hakutokea. Daktari aliongea Kichina kwenye simu yake, simu ikatafsiri kwa Kiswahili chake cha mashine: "Tunachukua maji ya mfupa wa mtoto, kubali."

"Yesu na Maria, nikajua wananiulia mtoto," Severa alisema. "Wakamkunja kama samaki, wakamchoma sindano mgongoni, mimi nimeshikwa mikono. Mama Rachel, sikuwa na hata mtu mmoja wa kuniambia kwamba ndivyo wanavyopima."

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Mtoto alipona, masikio hayakupona. Severa alijua siku muuguzi alipoangusha sinia la chuma. Wodi nzima ikaruka. Lucky akaendelea kunyonya.

Basi Isidori alipopita barazani kunywa chai, sikuweza kunyamaza.

"Shikamoo, kaka Isidori. Eti mlimtafuta mwenzenu mkamkosa?"

"Marahaba. Tulipiga simu mapokezi ya hospitali, mkalimani akauliza weee! Wakasema hakuna mtu huyo. Sasa mtu anajificha na mtoto mgonjwa kwa nini, kama hana lake?"

"Mlimuulizia nani?"

"Mama Jackie. Nani mwingine?"

Jackie, yaani Jacqueline, ni binti wa kwanza wa Severa, yuko shule ya bweni Moshi. Kwenye ghorofa letu mama haitwi jina lake. Ataitwa la mtoto wake wa kwanza mpaka anazeeka. Ndiyo heshima yetu. Lakini hospitali ya China inamjua Jackie?

"Jina lake mwenyewe ni nani?"

Akajikuna kidevu. "Si… Mama Jackie?"

Mama Awadhi akaangua kicheko. Nikamgeukia yeye. "Haya, dada, msaidie." Kicheko kikakatika, akainamia mashuka.

"Akikulipa kwa simu, linatokea jina gani?" nikamuuliza Isidori. Akaitoa simu, akapekua ujumbe, akasoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Severa."

Miaka yote hiyo analipwa naye, jina linamtokea usoni. Na hata hilo ningelimeza, maana kusahau kupo. Ninachoshindwa kumeza ni kwamba walipoambiwa hayupo, hakuna aliyepanda teksi akachungulie wodini. Viwandani walifika kote! Wakapanda ndege, wakamwacha, na ili wasiulizwe kwa nini walimwacha, wakatuletea habari ya msukule. Mwenye kuulipia uongo huo ni mtoto ambaye hata hausikii.

"Haya, nawahi mzigo," Isidori akasema, chai akaiacha nusu.

Severa alikuwa amesimama ngazini, Lucky kiunoni. Alikuwa amesikia yote. Alishuka, akakaa kwenye kibenchi changu. Rachel wangu, aliyekuwa nyuma ya nguzo, akaita, "Lucky! Lucky!" Lucky akawa anachezea uzi wa gauni la mama yake.

"Mama Rachel, nina ombi," Severa akasema, sauti chini. "Mfundishe Rachel asimwite kwa nyuma. Amzungukie mbele, amwoneshe uso, halafu amshike mkono. Na kesho umwache acheze naye hapa hapa barazani, mchana, watu wote wakiona."