Kofia ya Dallas Juu ya Mto

Saa saba na nusu mchana, Ijumaa ya tarehe 11 Julai mwaka jana, Oyuungerel anafagia trela ya mpanda farasi Dallas Prokop, nyuma ya uwanja wa Brenford wa rodeo, tamasha la kupanda farasi wakali. Anaokota kofia ya Dallas sakafuni, anaipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake, kisha anaiweka kitandani, juu ya mto kabisa.

Kwao Mongolia kofia ya mwanamume haikai chini. Hutafutiwa mahali pa heshima. Hapa kwetu Alberta, Kanada, hata mtoto wa chekechea anajua kuwa kofia ikilala kitandani, mwenyewe atalala hospitali.

Dallas anaingia na kuikuta.

"Nani kaniwekea hii hapa?"

"Mimi, mwanangu."

"Basi mama umeshanizika."

Saa moja baadaye farasi alimrusha. Goti likavunjika, na mbavu mbili.

Mpaka jioni kambi nzima ilikuwa ikimwita Mama Mkosi. Asubuhi iliyofuata akaambiwa asirudi kazini.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, jua likaja kuukausha uwanja ukawa kama sakafu ya saruji. Verna Hruska, msimamizi wa mabanda ya farasi, anasema aliwaomba wakubwa wa tamasha mara mbili wapeleke trekta ulainishwe. Trekta halikuja. Kumfukuza mfagiaji ni rahisi kuliko kuwasha trekta, na wanaokaa kwenye kivuli na vinywaji vya barafu hawajawahi kuanguka juu ya kitu kigumu. Marehemu mke wangu aliwafulia mashuka miaka tisa, na hakuna hata mmoja aliyejua jina lake.

Oyuungerel ana miaka hamsini na miwili. Alikuja miaka mitatu iliyopita kumfuata binti yake aliyeolewa hapa. Julai yake ya kwanza, tamasha lilipoanza, alidhani mji umepatwa na wazimu: karani wa benki kavaa buti za wachunga ng'ombe, marobota ya nyasi mlangoni kwa daktari wa meno, na wageni wanamgawia chapati za maji bure kwenye maegesho ya magari.

"Ndizo siku kumi ambazo kila mtu hunisalimu," anasema. "Siku ya kumi na moja, wanakuwa hawanijui tena."

Aliposikia harufu ya farasi alilia. Kwao alichunga farasi mia mbili kwa miaka thelathini na mmoja. Lakini ndama wakianza kufukuzwa na kukabwa kwa kamba, anaupa uwanja mgongo.

"Ndama kakosa nini? Kwetu wakati wa baridi tunalala naye hemani."

Nilimuuliza kama basi analichukia tamasha. Akasema mtu anaweza kumpenda mkwewe na bado asipende anavyokula.

Novemba, Dallas alibisha mlangoni kwake akiwa na magongo. Verna alikuwa amemweleza maana ya kofia ile. Oyuungerel akamkaribisha chai ya maziwa. Dallas akanywa funda moja, akakunja uso.

"Mama, hii ina chumvi."

"Na wewe una goti. Kunywa."

Akanywa. Kabla hajaondoka akasema, bila kumtazama usoni, kwamba hakujua alikuwa akiheshimiwa. Baadaye akamwandikia barua ya kumpendekeza kwa kazi anayoitaka: kuwatunza farasi mabandani, siyo kufagia.

Machi, Verna alimwita amjaribu kwa farasi jike mmoja wa kijivu aliyekuwa hakubali kufungwa kamba. Oyuungerel alisimama pembeni, akaanza kuimba polepole, bila hata kumwangalia.

"Mimi yule farasi kanitoa jasho mwaka mzima," anasema Verna. "Mama huyu kamwimbia tu, kaja mwenyewe kama kuku kaona mtama. Nikaona wivu, sikufichi."

Tamasha la mwaka huu linaanza tarehe 10 Julai. Verna ameshampa msumari wake wa kutundikia glavu bandani. Kilichobaki ni saini ya ofisi, na ofisi ina fomu. Fomu inauliza uzoefu wa farasi ndani ya nchi hii. Oyuungerel aliandika miaka thelathini na mmoja. Ilirudi imekatwa kwa kalamu nyekundu, juu yake sifuri.

Wengine wangeichana. Yeye aliikunja, akapanda basi mpaka ofisini, na huku akitabasamu akamuuliza karani swali moja. Karani akajikuna kichwa, akaahidi kulipeleka juu kwa wakubwa. Wiki tatu zimepita. Oyuungerel anasema anangoja, kwa sababu farasi wamemfundisha kungoja, na kila Jumatano anaenda bandani kumwimbia yule jike.

Swali lenyewe ni hili: "Mwanangu, kwani farasi humuuliza mtu pasipoti kabla ya kumsikiliza?"